Siku Sita Kutafuta Moyo wa Nyati

Siku ya kwanza: Malindi

Nimetoka Dar es Salaam jana alfajiri, nikavuka mpaka pale Horohoro alasiri, nikalala Mombasa kwa shangazi, na leo saa tatu asubuhi matatu imenishusha Malindi. Kaskazi inavuma, bahari imejaa povu, jua la Januari linachoma. Sikupita hata ufukweni. Nimekwenda moja kwa moja Barani, kwa babu.

Huyu ninayemwita babu ni mdogo wake babu mzaa baba. Wote wawili walikuwa wabeba bunduki katika misafara ya uwindaji iliyokuwa ikitoka Mombasa na Malindi kwenda bara. Uwindaji wa ndovu ulizuiwa Kenya mwaka 1973, na Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji wote, kazi yao ikaishia hapo. Babu mkubwa ameshatangulia mbele ya haki. Huyu aliyebaki amepita miaka 80, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, lakini kumbukumbu yake haijapungua.

Mimi kazi hiyohiyo nimeifuata upande wa Tanzania, ambako bado ni halali. Huu ni mwaka wa nne niko mwanagenzi kwa mwindaji bingwa mmoja katika kitalu cha uwindaji cha kusini. Watu wa nyumbani hudhani tunazunguka na bunduki tukipiga chochote kinachotikisika. Sivyo. Kila mnyama ana kibali na ada yake, na askari wa wanyamapori yuko nasi toka asubuhi mpaka jioni. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa ameuawa, na mgeni aliyekuja kuwinda hulipa. Ni sheria nzuri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa kivulini." Aliniuliza habari za njia, za shangazi, za mvua ya kule, kisha akanyamaza kidogo. "Haya, sema. Mtu hapandi basi siku mbili kuja kunitazama macho."

Nikamwambia. Septemba iliyopita, mgeni wetu alimpata dume mzee wa nyati hatua 70, jua linazama. Bingwa wangu aliniachia nimwongoze mgeni mwenyewe. Dume alikuwa amesimama mshazari, bega la kushoto likitujia na kifua kimetugeukia kidogo. Nikamnong'oneza mgeni maneno niliyoyazoea: nyuma kidogo ya bega, theluthi ya chini. Risasi ikaenda palepale niliposema, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mgeni hakukosea hata upana wa kidole. Mimi ndiye niliyempa mahali pabaya. Kwa mnyama aliyesimama ubavu kamili maneno yale ni sahihi, lakini kwa huyu wa mshazari risasi iligusa ncha ya nyuma ya pafu moja, ikapita, ikaingia tumboni. Dume alikunja mgongo akatokomea kichakani.

Giza lilituzuia. Kesho yake tulimfuata toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Damu nyeusi, tone moja kila hatua ishirini, na humo vipande vya majani yaliyotafunwa. Alikuwa ameingia kwenye kichaka kizito, akageuka, akalala akitazama nyayo zake mwenyewe. Alipoinuka alikuwa hatua 12 kutoka kwetu. Bunduki tatu zililia kwa pamoja. Mfuata nyayo wetu alivunjwa mbavu mbili kabla yule dume hajalala chini. Tulipomchuna, ile risasi ya kwanza tuliikuta katikati ya majani mabichi ya tumbo. Ilikuwa imechanua vizuri, imefanya kazi yake yote mahali pasipokuwa na kazi.

Babu alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Moyo wake ulikuwa wapi?"

Nikamshika mkono, nikauweka ubavuni pangu chini ya kwapa.

"Hapo ni ngozi," akasema. "Mimi nimekuuliza moyo."

Sikuwa na jibu. Akaita mjukuu amletee kanzu ya kazi, ile ya zamani. "Kesho alfajiri twende machinjioni."

Siku ya pili: Machinjioni

Saa kumi na moja tulikuwa tumeshafika, babu nyuma ya bodaboda ameshikilia bakora yake. Mchinjaji wa zamu ni mtoto wa rafiki yake. Babu alimwomba jambo moja tu: dume la kwanza, akishamaliza kuchinja, alilaze kwa ubavu wa kulia na asilifungue mpaka sisi tumeridhika. Kijana aliona ajabu lakini hakukataa ombi la mzee.

Lilikuwa dume la Kiborana, kubwa, lenye nundu. Bismillahi, kisu, damu. Lilipotulia babu alichuchumaa (sijui alipata wapi nguvu za magoti), akaushika mkono wa mbele wa kushoto, akauvuta mpaka ukakaa kama wa mnyama aliyesimama. Akanichukua kidole akakipitisha juu ya ngozi, kuanzia kiwikoni kwenda juu. "Hapa ndipo. Ukiona mnyama amesimama ubavu, fuata mkono wa mbele kupanda juu mpaka theluthi ya kifua. Usiende nyuma. Watu wote wanapenda kwenda nyuma, kwa sababu nyuma ni peupe, mbavu zinaonekana, mfupa wa bega hauko. Wanaukimbia mfupa."

Kisha akatoa mfukoni kijiti cha chuma cha mishikaki, kirefu, amekinoa ncha. Akanipa. "Choma pale ulipompa mgeni wako. Kama dume lingekuwa linatazama vile lilivyotazama."

Nikakisimamisha kijiti nyuma ya bega, nikakilaza mshazari kuelekea nyuma, nikasukuma. Kikaingia kwa ulaini mno. Akachukua kijiti cha pili, akakichomeka mwenyewe mbele zaidi, ndani ya bega lenyewe karibu na shingo inapoanza, kwa mlalo uleule. Alihangaika nacho kwenye nyama ngumu mpaka kikazama. "Sasa fungua," akamwambia mchinjaji.

Nimeshuhudia nyati wengi wakipasuliwa, lakini porini mnyama hufunguliwa kwa haraka, jua kali, kila mtu ana kisu. Leo nilitazama polepole. Mkono wa mbele ulipoondolewa, mbavu zikatolewa moja moja, na humo ndani vijiti vyetu viwili vimesimama kama vilivyo. Changu kilikuwa kimepita kwenye ukingo mwembamba wa pafu, kikatoboa kiwambo, kikazama kwenye tumbo kubwa la majani. Lile tumbo liko upande wa kushoto, na linapanda mbele chini ya mbavu kuliko mtu anavyodhani. Kuanzia kwenye kiwiko kurudi nyuma ni kama shibiri moja na nusu tu, umeshaingia kwenye majani. Kijiti cha babu kilikuwa kimepita juu tu ya moyo, kwenye mishipa mikubwa, kikaingia pafu la pili.

Moyo wenyewe una ukubwa wa nazi iliyofuliwa. Umekaa chini kabisa, karibu unagusa mfupa wa kifua, katikati ya mikono miwili ya mbele. Nilikuwa nikijua hivyo kwa maneno. Kuuona umelala pale, na kijiti changu kiko mbali nao kiasi kile, ni kitu kingine.

"Moyo ni nazi iliyoning'inizwa ndani ya kapu," babu akasema. "Ukizunguka kapu, nazi haizunguki nawe. Wewe unapachika alama kwenye ukuta wa kapu, mnyama anageuka, na alama yako inageuka naye. Jiulize nazi iko wapi, kisha jiulize risasi ipite tundu gani la kapu kuifikia. Akikujia mshazari ni ndani ya bega la karibu. Akikupa mgongo mshazari, sahau bega la karibu, tafuta bega la upande wa pili na uipeleke huko."

Akaniwekea kidole kwenye nundu. Chini yake pingili za mgongo zina miiba mirefu inayosimama juu, na uti wenyewe uko chini sana ya mstari wa mgongo tunaouona. Nyati hana nundu ya mafuta kama ya ng'ombe, lakini miiba ile anayo, na ndiyo inayomfanya awe na mabega marefu. Babu alisimulia jinsi wageni walivyokuwa wakipiga juu. Risasi inagonga mwiba mmoja, mnyama anaanguka kishindo kama aliyekatwa miguu, watu wanapeana mikono. Kisha anainuka. Hakuna kitu ndani yake kilichokatika, alipigwa bumbuwazi tu. "Nyati aliyeanguka papo hapo alinitia hofu kuliko aliyekimbia," akasema. "Aliyepigwa mapafu hukimbia. Ndivyo ilivyo."

Tulirudi tukanywa chai na mahamri kwa mbaazi, na mazungumzo hayakwisha. Nilitaka anieleze kwa nini nyati ana sifa ya ugumu kuliko mnyama mwenye uzito sawa naye. Mpofu dume anaweza hata kumzidi nyati uzito, lakini akipigwa vizuri hufa bila ubishi mwingi. Nyumbu ni mdogo zaidi ya wote wawili, na hukimbia na jeraha ambalo lingemlaza mpofu. Babu hapendi habari za roho ya mnyama na kisasi. Anasema nyati akishtuka kwa risasi mbaya, ile ya pili na ya tatu ni kama haisikii, mwili umeshafunga milango. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye ile ya kwanza, wakati bado anacheua.

Hesabu inamuunga mkono. Dume la nyati lina kilo 700 hivi. Risasi ya bunduki ya .375 (kipenyo chake kwa inchi), ambayo ilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1912 na mpaka leo ndicho kipimo cha chini kwa wanyama hatari katika nchi nyingi za Afrika, ina gramu 19 na kitu. Gramu 19 haziangushi kilo 700 kwa kishindo. Zinachoweza kufanya ni kutoboa. Na hata moyo ukitobolewa, damu iliyomo kichwani na kwenye misuli inamtosha mnyama sekunde kumi au zaidi. Nyati anayekimbia kwa sekunde kumi anafika hatua 100 bila shida. Amekufa, ila mwenyewe hajapata habari. Mtu aliyesimama kwenye njia yake atauawa na mnyama mfu.

Babu mkubwa alichechemea maisha yake yote kwa sababu ya sekunde hizo. Sikuwa najua. Nyumbani tulikuwa tukiambiwa ni ajali ya lori. Kumbe wabeba bunduki wa Kiislamu walikuwa na kazi mbili: kushika bunduki ya akiba na kuwahi na kisu, nyama ihalalishwe kabla roho haijatoka. Nyati mmoja, huko juu mtoni Galana, alilala akatoa ule mlio mrefu wa kukata roho, babu mkubwa akakimbia na kisu. Mlio haukuwa wa kukata roho. Pembe ilimwingia pajani. Tangu siku ile, babu anasema, hakuna aliyemkaribia nyati aliyelala ila kwa nyuma, upande wa mgongo, na kwanza lazima jicho liguswe kwa kijiti kirefu. Jicho likipepesa, bado yupo.

Siku ya tatu: Malindi hadi Chakama

Babu ameniagiza kwa mzee mmoja Mwaata kando ya mto, mtu waliyefahamiana zamani. Matatu kupitia Kakoneni na Langobaya, kisha bodaboda. Barabara ya kwenda Sala, lango la hifadhi ya Tsavo, ina vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Minazi inaisha, mikwaju inaanza, halafu vichaka vya miiba. Mto Sabaki, ndio huohuo Galana wa huko juu, unauona kwa vipande, maji ya rangi ya chai ya maziwa, mchanga mwingi kuliko maji.

Nimelala Chakama kwa familia ya Kigiriama. Sima, mchicha wa nazi, na maswali mengi ya mama mwenye nyumba kuhusu simba. Usiku viboko walipanda kula kandokando ya mashamba. Tuliwasikia mpaka karibu na alfajiri.

Siku ya nne: Kwa mzee wa Kiwaata

Waata zamani waliitwa na majirani Wasanye au Waliangulu. Ni watu wa lugha ya jamii ya Kioromo, na ndovu kwao ni arba. Kabla ya bunduki kuenea pwani hii, na hata baada yake, ndio waliokuwa mabingwa wa ndovu nyuma ya Malindi. Hifadhi ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948 ardhi yao ya kuwindia ikawa ndani ya mpaka, na wao wakawa majangili kwa kulala na kuamka. Mwaka 1956 na 1957 kulikuwa na operesheni kubwa ya kuwakamata, wengi wakafungwa. Mwaka 1960 serikali ya kikoloni ilijaribu mpango wa Galana, Waata wapewe sehemu ya kuwinda kihalali, lakini haukudumu. Mzee huyu alikuwa mvulana wakati wa operesheni. Baba yake alikuwa mmoja wa waliofungwa. Alinieleza bila kupandisha sauti, akiwa anachonga mpini wa jembe.

Upinde alio nao sasa ni wa siku za utamaduni tu, hauna mshale wenye sumu, lakini ni upinde kamili. Aliniambia niuvute. Mimi ni mtu wa miaka 29, nabeba mizigo porini kila siku. Nilifika nusu. Pinde za Waata zilizowahi kupimwa zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100, yaani kama kuinua mfuko wa saruji kwa vidole vitatu. Mzee alicheka kwa upole, akanionyesha namna ya kuvuta kwa mgongo badala ya mkono.

Nilimuuliza walikuwa wanalenga wapi. Nilitarajia moyo.

"Tumboni," akasema. "Nyuma ya mbavu, pale laini."

Nikabaki nimemtazama. Mahali pale pale nilipomharibia nyati wangu! Akaona nimechanganyikiwa, akaweka jembe chini.

Mshale hauvunji bega la ndovu, akanieleza. Ukigonga mfupa unakunjika, ukigonga ubavu unabaki kwenye nyama ya juu, na ndovu anaondoka nao kama mwiba. Mshale unataka mlango usiokuwa na mfupa. Ndani ya tumbo kuna damu nyingi, na sumu ikishapata damu haina haja ya kusukumwa. Sumu yenyewe huchemshwa kwa magome, mizizi na vijiti vya msunguti, saa nyingi, mpaka inakuwa nyeusi na nzito kama lami. Kiini chake wataalamu wanakiita wabaini, jina lililotoka kwenye neno la Kisomali la sumu ya mishale, waabaayo. Kazi yake ni kwenye misuli ya moyo. Huufanya upige kwa nguvu isiyo na mpango, kisha husimama. Ndiyo maana Wazungu waliwahi kuitumia kwa vipimo vidogo kama dawa ya moyo. Tumboni mwa mtu haipenyi kirahisi, kwa hiyo nyama ililiwa, ila ile ya kuzunguka jeraha ilikatwa ikatupwa.

Nilikaa nikiifikiria kauli yake mpaka chai ikapoa. Hata mshale wa tumboni ulikuwa safarini kwenda moyoni, kwa njia ya damu. Yeye na babu hawapingani. Kila mmoja anaujua moyo uliko na anaijua silaha yake inavyosafiri. Mimi nilikuwa nimekariri mahali tu.

Walisogea hatua ishirini, wakati mwingine kumi, upepo usoni. Alitumia neno "kumpumulia". Sumu ilifungwa kwa utepe wa ngozi mpaka dakika ya mwisho ili jua lisiikaushe, kwa maana sumu iliyokauka ni dhuluma: ndovu hafi, anaugua. Na kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe iliyochongwa. Ndovu akikutwa amekufa kilomita nyingi na mshale wako, ni wako. Akikutwa amelala na usaha, anaota mabuu, na mshale wako umo, hilo nalo ni lako, na kijiji kizima kitajua.

"Baba alimfuata mmoja siku tatu," akasema. "Si kwa ajili ya pembe. Pembe zake zilikuwa kama vidole."

Aliniwekea mkononi ncha ya mshale, chuma kidogo chepesi, kimechakaa. Kwenye shina lake kulikuwa na mikato mitatu mifupi na mmoja mrefu. Sikumuuliza ni ya nani.

Siku ya tano: Mtoni, kuelekea Sala

Nimeamka kabla ya jua, nikatembea na mjukuu wa mzee kando ya maji, upande wa nje ya hifadhi. Sikuchukua hata kisu. Nilitaka kutazama tu kwa macho mapya.

Viboko tisa kwenye kidimbwi, macho na masikio tu nje. Kwa kiboko aliye majini hakuna mkono wa mbele wa kufuata, kuna kichwa peke yake, na ubongo wake ni mdogo kwa mwili ule. Aliyepigwa sawasawa huzama kimya, na huelea tena baada ya saa moja au zaidi, gesi ikimjaa tumboni. Aliyepigwa vibaya naye huzama. Kwa muda wote huo mwindaji hajui amefanya nini. Sitaki kumwongoza mgeni kwenye hilo mpaka niwe nimekomaa.

Saa mbili ndovu walitoka ng'ambo, majike sita na watoto. Tulikaa nyuma ya mkwaju, kaskazi ikitujia usoni, kwa karibu saa nzima. Nilijipa zoezi: ubongo uko wapi sasa? Ubongo wa ndovu una kilo tano hivi, umekaa nyuma na chini ndani ya fuvu ambalo karibu lote ni vijumba vya mfupa mtupu kama sega la nyuki. Risasi inaweza kupita kwenye sega hilo, ndovu akapepesuka, akaenda zake. Kwa upande ni mbele kidogo ya tundu la sikio. Kwa mbele hakuna alama. Jike mkubwa aliinua kichwa kunusa, na ubongo wake ukashuka chini ya mstari wa macho. Akainamisha kunywa, ukapanda juu ya paji. Mnyama mmoja, mahali pamoja, na kwa dakika moja ningempa mgeni majibu matatu tofauti.

Bell, yule Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7, ambayo leo inaruhusiwa kwa swala. Vijana wa kambini humtaja kama ushahidi kwamba bunduki ndogo inatosha. Mimi namwona ushahidi wa kitu kingine. Alisoma mafuvu kwa kuyapasua mpaka akaweza kuona ubongo ndani ya kichwa kinachotembea. Ndovu 1,000 ni wengi mno na sioni fahari ndani yake, lakini kusoma kule alisoma.

Mtoto mmoja wa ndovu aliteleza kwenye tope, akasukumwa na mguu wa mama. Mjukuu wa mzee alinitazama akatabasamu. Tukaondoka wakiwa bado wanakunywa.

Siku ya sita: Kurudi Barani

Nimefika saa tisa alasiri, vumbi tupu. Nilimpa babu salamu za mzee na habari za mlango wa tumbo. Alitingisha kichwa muda mrefu. Alikuwa anajua. Alitaka niisikie kwa mwenyewe.

Saa kumi na moja tulitoka na viti viwili kwenda kwenye uwanja ambako ng'ombe hupitishwa wakirudi nyumbani. Akanipa bakora yake niishike kama bunduki.

"Macho yangu hayafiki kule. Niambie dume limesimamaje."

"Ubavu wa kulia, babu, ila mguu wa mbele ameurudisha nyuma."

"Moyo?"

"Umefunikwa na mkono. Ningesubiri apige hatua."

"Endelea."

Nikaendelea. Kila dume lililosimama nilimweleza: kichwa kiko wapi, uzito uko mguu upi, kifua kinatazama wapi. Nilipotaja ngozi alinikatiza. Nilipotaja ndani ya kapu alinyamaza, akifuata kwa kidole hewani. Mara tatu nilisema "sasa", na mara tatu akauliza swali nikagundua bado. Moja lilikuwa limegeuza shingo na shingo ikaniziba. Jingine lilikuwa na kichaka cha mkwakwa mbele ya kifua, matawi membamba, nisingeyajali siku nyingine.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya minazi, rangi ileile ya jioni ya Septemba. Dume jeusi lenye mabega likasimama mshazari, bega la kushoto likitujia. Nilihisi mate yananikauka.

"Amekuja kama yule wangu, babu."

"Haya. Moyo uko wapi?"

Nilichukua muda wangu. Nikauona, chini, katikati ya mikono miwili, nazi ndani ya kapu. "Naingia ndani ya bega la kushoto, karibu na shingo inapoanzia, theluthi ya chini. Napita juu ya moyo kwenye mishipa, natokea mbavu za upande wa pili."

"Unatokea," akasema babu. "Nyuma yake kuna nini?"

Nikatazama. Ndama alikuwa amesimama nyuma yake, yanaonekana masikio tu.

Nikashusha bakora.

"Bado," nikasema.